Barua ya wazi kwa wakubwa wa umeme na majengo Tanga: tupimieni erthi

Wakubwa zetu mnaosimamia umeme, majengo na ubora wa vifaa hapa Tanga, shikamooni, na mlio rika langu habari za kazi.

Nawaandikia kuhusu jambo ambalo wengi wanalichukulia dogo, ile hali ya laptopu ya chuma kukusisimua mikono ikiwa kwenye chaja. Mimi natengeneza kompyuta Ngamiani na hakuna lalamiko ninalolisikia mara nyingi kama hili, mtu anakuja na laptopu yake ya bodi ya aluminiamu, mtumba safi wa Uingereza au Dubai, kajinyima mpaka kaipata, anaiweka mezani anasema fundi hii mashine inapiga shoti naomba unisaidie. Wengine wanafika kwangu wameshazunguka kwa mafundi wawili watatu, wamebadilishiwa chaja, wamebadilishiwa betri, wapo waliouziwa mpaka bodi ya kuchajia, hela imekwenda na mashine ikirudi nyumbani inasisimua vilevile. Ikiwa dukani kwangu haisisimui. Laptopu ni ileile, chaja ni ileile, kilichobadilika ni nyumba tu, na ndo maana barua hii naileta kwenu na siyo kwa watengeneza laptopu.

Kwa ambaye hajakutana nayo nieleze inavyokuwa. Ukipitisha mgongo wa kidole taratibu juu ya kifuniko, chuma ambacho kwa macho ni laini kabisa kinakuwa kinakwaruza, kinanatanata, unahisi kuna mtetemo ndani yake. Ukikanyaga sakafu ya sementi peku, hasa kama imetoka kupigwa deki sasa hivi, unaongezeka, na ule upande wa ndani wa mkono unaouegemeza kwenye ukingo wa laptopu ukiwa unataipu unachomwachomwa. Ukipandisha miguu kitandani inapungua. Ukichomoa chaja inakatika palepale. Ukigusa bodi kwa testa kale kataa ka ndani kanawaka, na hapo watu wengi wanaifunga mashine na kuiogopa moja kwa moja.

Sababu yake inajulikana vizuri. Chaja za siku hizi zinaukatakata umeme wa volti 230 kwa kasi kubwa sana ili ziushushe mpaka volti 20 au chini ya hapo, na kule kukatakata kunazalisha makelele ya umeme ambayo yakiachwa yanasumbua redio na vifaa vingine, kwa hiyo watengenezaji wanaweka kapasita ndogo kati ya upande wa umeme mkubwa na upande wa umeme mdogo ili makelele yale yapate pa kurudia. Kapasita hiyo imewekwa kwa makusudi, siyo ubovu. Ila inapitisha umeme kidogo sana, na kama bodi ya laptopu haijaungwa na erthi, ule waya wa kuupeleka ardhini umeme unaovuja, basi chuma chote kinabaki kinaelea na volti, ukipima kwa maltimita kati ya bodi na ardhi unaweza kusoma volti 100 na kitu, karibu na nusu ya 230. Namba inatisha lakini nguvu nyuma yake ni ndogo, viwango vya kimataifa vinataka umeme unaovuja hivyo usizidi robo miliampea kwa chaja ambazo hazitumii erthi, na watu wengi wanaanza kuusikia umeme kwenye nusu miliampea hivi, ingawa ngozi nyembamba au yenye jasho la Tanga inausikia mapema zaidi. Hata lile la kukwaruza lina historia, mwaka 1953 mtafiti mmoja Marekani, Mallinckrodt, na wenzake waliandika kuhusu chuma cha taa ambacho taa ikizimwa ni laini na taa ikiwaka kinakwaruza kidole. Umeme unaivuta ngozi na kuiachia, inavutwa na kuachiwa mara nyingi kwa sekunde, basi kidole kinadhani chuma kina mikwaruzo.

Kwa hiyo kama chaja ni halisi na nzima, ule msisimko wenyewe hauui mtu. Nalisema hili waziwazi maana sitaki kumtisha mwanafunzi anayesoma usiku. Chaja feki ni habari nyingine, hiyo unaweza kuikuta ndani kapasita siyo ya aina inayotakiwa, nyaya za umeme mkubwa zimepita milimita chache kutoka za umeme mdogo na hakuna cha maana kinachozitenganisha, siku ikiungua ndani volti 230 zinakuja mzimamzima kwenye mikono ya mtu. Zinauzwa madukani na barabarani bila wasiwasi wowote. TBS mna mamlaka ya viwango, na ninyi mnajua kuliko mimi zinavyoingia.

Lakini hoja yangu kubwa ni nyingine. Laptopu nyingi za chuma zina waya wa chaja wa pini tatu, na ile pini ya tatu, ndefu kuliko zenzake, kazi yake ni kuupeleka huo umeme mdogo ardhini kabla haujafika kwenye mkono wako. Sasa mtu ana waya wa pini tatu, kachomeka kwenye soketi ya matundu matatu, na bado anasisimka. Mara nyingi hiyo ina maana moja, tundu la tatu halina kitu nyuma yake.

Nenda nyumba za Makorora, Mabawa, Msambweni, Nguvumali, zima meni swichi, fungua soketi moja uangalie. Unakuta skrubu ya erthi ipo na vumbi lake, haijawahi kushika waya tangu itoke kiwandani. Au waya wa njano na kijani upo lakini umekunjwa nyuma umefungwa na utepe mweusi, fundi aliuvuta mpaka pale halafu akaona hauna kazi. Au soketi zote zimeungwa vizuri kabisa, rangi zote mahali pake, unaufuata waya mpaka kwenye boksi la breka, unaufuata mpaka nje chini ya mita ya LUKU, unakuta unaingia kwenye mchanga, ukiuvuta kwa mkono unakuja wote. Hakuna nondo, kile chuma kinachopigiliwa ardhini ili waya wa erthi ushikwe nacho. Kuna nyumba nilikuta nondo ipo lakini ni kipande cha nondo ya kujengea, urefu hauzidi mkono wangu, kimeoza kwa kutu kiasi kwamba waya ulikuwa umeshikilia unga mwekundu tu. Nyumba ile ina soketi kila chumba, marumaru, feni za dari, na mwenye nyumba alilipa hela ya erthi kama alivyolipa hela ya kila kitu. Ni sawa na kujengewa bafu zuri halafu hakuna tundu la kutolea maji.

Na sisi watu wa pwani tuna tatizo letu la ziada ambalo mtu wa bara anaweza asilione. Ardhi yetu sehemu nyingi ni mchanga na matumbawe, ukipiga nondo fupi Raskazone au Chumbageni inagonga jiwe, fundi anaikata inayobaki na kufukia. Mchanga mkavu na matumbawe haviupitishi umeme vizuri, nondo inayotosha kwenye udongo mweusi wenye unyevu inaweza isifae kitu hapa, lazima upige ndefu zaidi au upige kadhaa na kuziunganisha au uchimbe mfereji ulaze waya wa shaba. Halafu hewa ya chumvi inakula kila kiungo, klampu ya nondo isiyo ya shaba haichukui miaka mingi inakuwa chakavu. Kwa hiyo erthi ya Tanga siyo kitu unachokiweka mara moja ukasahau, inatakiwa ipimwe ikiwekwa na ipimwe tena baadaye. Nani anapima? Waulizeni watu mtaani kama wamewahi kumuona mtu kaja nyumbani na mita ya erthi, kachomeka vile vijiti viwili chini, kaandika namba. Wengi hata hawajui kipimo hicho kipo.

Sasa niwaambie kwa nini hili linanikosesha amani. Siku moja nimeenda kumfungia mama mmoja kompyuta ya mwanawe, nikataka kusogeza friji nipitishe waya, akaniwahi. Mwanangu, usiishike hivyo, vaa kwanza ndala, hiyo friji ina ukali wake. Nikamuuliza mama tangu lini, akasema tangu tuinunue, mbona hata ile ya mwanzo ilikuwa hivihivi. Pembeni ya friji kulikuwa na pea ya ndala za plastiki, hazivaliwi kwenda popote, zimewekwa pale kwa ajili ya kufungulia friji tu, na watoto wote wa nyumba ile wanajua, hata mdogo kabisa alikuja akavaa ndala zinazomzidi mguu mara mbili akafungua akachukua maji akazivua akazipanga. Friji mbili tofauti, tabia moja. Yule mama siyo mjinga, kaona hatari, kaiwekea utaratibu, utaratibu unafanya kazi mpaka siku mgeni atakapokuja au ndala zitakapokuwa zimelowa.

Na tukiangalia vizuri miji yetu imejaa taratibu za namna hiyo. Taulo chini ya laptopu. Kitambaa kwenye mpini wa pasi. Mtoto usiguse bomba pampu ikiwa inavuta maji. Mashine ya kufulia mpaka uichomoe ndo utoe nguo. Tumezoea mpaka tunawafundisha wageni, na hakuna anayekwenda kuripoti maana kitu ulichokizoea hukiripoti.

Tofauti ya friji na laptopu ndo hii. Kwenye laptopu ile kapasita inazuia, umeme hauwezi kuzidi kiwango. Kwenye friji, pampu, pasi, birika la umeme, mashine ya kufulia, hakuna kizuizi kama hicho, siku waya wa ndani umechubuka na kugusa bodi zinakuja volti zote 230 na umeme wa kutosha. Umeme ukifika miliampea 10 hivi misuli inakaza na mtu mzima anaweza kushindwa kuachia alichoshika, kwa wanawake na watoto ni chini ya hapo, na kuanzia miliampea 30 ukiendelea kupita mwilini moyo unaweza kuvurugika. Miliampea 30 ni kitu kidogo sana, taa ndogo tu ya LED ya wati 7 inatumia kiasi hichohicho.

Watu wananijibu lakini breka ipo, itakata. Haikati wakubwa, na naomba hesabu hii muipeleke kwa kila mwenye nyumba. Tuseme nondo yako ina ukinzani wa ohmu 100, kitu ambacho kwenye mchanga wetu ni cha kawaida. Friji imepiga bodi, volti 230 gawa kwa 100 unapata ampea 2.3. Sakiti breka ya soketi ni ya ampea 20 au 32, kwake ampea 2.3 ni mzigo mdogo, inaona mtu kawasha taa na feni. Inakaa kimya, bodi ya friji inakaa na umeme usiku na mchana, na LUKU inakimbia, maana hizo ni wati 529 zinazomwagika ardhini, yuniti 12 na ushee kwa siku. Kuna familia zinalia yuniti zinaisha haraka na wanashuku mita kumbe ni pampu imevuja. Na kama nondo haipo kabisa, hata huko kuvuja hakuna, bodi inasubiri tu mtu wa kwanza peku.

Kinachookoa hapo ni RCD, kile kifaa chenye kitufe cha T kinacholinganisha umeme unaotoka na unaorudi, kikiona tofauti ya miliampea 30 kinakata chini ya theluthi moja ya sekunde. Kwa RCD hata erthi ya ohmu 100 inatosha, friji ikipiga bodi tu umeme wa nyumba unakatika na mtu anajua kuna ubovu. Kanuni za waya za Uingereza, BS 7671, zinasema nondo ikizidi ohmu 200 isitegemewe kukaa kwenye namba hiyo, na hapo wanazungumzia nyumba yenye RCD. Sisi tuna nyumba ambazo nondo haijapimwa na RCD haipo, na nyingine RCD ipo lakini fundi kairuka kwa sababu ilikuwa inakatakata. Ilikuwa inakatakata kwa sababu kuna kitu kinavuja jamani. Aliyeiruka kaondoa mlinzi akaacha mwizi ndani.

Halafu kuna uponyaji wa mtaani ambao ni mbaya kuliko ugonjwa. Mteja analalamika laptopu inasisimua, fundi anafungua soketi, anachukua kipande cha waya anaunga skrubu ya erthi na ya nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, msisimko unaisha palepale, mteja anafurahi analipa. Siku nyutro ya nyumba ikikatika, iwe kwenye nguzo au kwenye boksi au skrubu imelegea tu, umeme wa kila kilichowashwa unarudi kupitia waya ule mpaka kwenye bodi ya kila kitu cha chuma chenye pini tatu kilichoungwa na erthi hiyo, laptopu, friji, mashine ya kufulia, vyote volti 230. Na nyutro zinakatika, upepo wa kusi ukivuma tunaziona nyaya zinavyogongana. Nawaomba mlitangaze hili redioni kwa lugha ya wazi kabisa, fundi anayeunga erthi na nyutro kwenye soketi anaandaa msiba.

Kuna na ekstensheni. Ingieni duka lolote, chukueni ekstensheni ya bei nafuu yenye matundu matatu kila mahali, kateni waya wake, mtakuta nyuzi mbili. Plagi ina pini tatu, soketi ina matundu matatu, katikati waya wa erthi haupo, pini ya tatu ni pambo. Nyumba inaweza kuwa na erthi nzuri kuliko zote Tanga na ikaishia ukutani. Na kwa kuwa vifaa vingi vinakuja na plagi ya pini mbili za duara, kila ofisi na kila nyumba kuna kalamu au kijiti cha kuchokonolea tundu la juu ili vile vifuniko vya ndani vifunguke plagi iingie. Soketi hii ya pini bapa tulirithi kutoka Uingereza, BS 1363 ya mwaka 1947, vifuniko viliwekwa ili mtoto asiingize kitu, na sisi tunamfundisha mtoto kuvifungua kwa kalamu. Nimeona hata kwenye chumba cha kompyuta cha shule, kalamu imening'inizwa kwa uzi pembeni ya soketi ili isipotee.

Mashuleni ndiko kunaniuma zaidi. Tunaletewa kompyuta, tunashukuru, zinapangwa kwenye meza za chuma, ekstensheni moja inaingia kwenye nyingine mpaka mwisho wa chumba, watoto wanavua viatu mlangoni ili wasiingize vumbi. Peku, sakafu ya sementi, meza za chuma, kompyuta thelathini kila moja na uvujaji wake mdogo. Kila kompyuta peke yake haina neno, lakini zikiwa zote kwenye waya mmoja wa erthi ambao umekatika mahali fulani, uvujaji wote unajumlishana na kutafuta njia ya kutokea, na mtoto wa kwanza kushika bodi huku ameegemea dirisha la nondo ndiye njia. Hapo hatuzungumzii tena robo miliampea.

Najua sheria zipo. Sheria ya Umeme ipo tangu 2008, EWURA inatoa leseni za mafundi kwa madaraja, na ukitaka kuunganishiwa umeme lazima waya wa nyumba uwe umefanywa na mwenye leseni, kuna mchoro na kuna muhuri. Lakini wote tunaoishi huku tunajua jinsi muhuri unavyoweza kupatikana, fundi wa mtaani anafanya kazi, mchoro unachorwa, unapelekwa kwa mwenye leseni ambaye nyumba hajaiona hata kwa nje, anagonga, analipwa, mita inakuja. Simtaji mtu maana siyo mtu mmoja, ni mazoea. Vijijini gharama ya kuunganishwa ilishushwa mpaka shilingi 27,000 na ni jambo jema sana, bibi zetu Muheza na Mkinga wamepata taa, ila waya wa ndani kila mtu amejitafutia fundi wake na hapo ndo erthi inaliwa. Nondo ya shaba ni ghali, imefukiwa, haionekani, taa zinawaka bila yake. Kitu ambacho hakionekani na hakipimwi lazima kitaibwa.

Kwa hiyo ninachokiomba ni kipimo. Kabla nyumba haijawashwa mtu aje na mita ya erthi, apime, aandike ohmu ngapi, tarehe, na namba ya leseni yake, kwenye kadi inayobandikwa ndani ya boksi la breka ambayo mwenye nyumba na mpangaji wote wanaweza kuisoma. Namba, siyo alama ya vema. Mtu akiandika namba ya uongo na siku moja akaja mwingine kupima, anajulikana kwa leseni yake. Akibonyeza na kile kitufe cha T mbele ya mwenye nyumba, umeme ukakatika, wote wawili wameona. Kazi yote haizidi nusu saa.

Nyumba za zamani ndo nyingi na ndo ngumu. Nyumba zetu za Ngamiani zile za ukumbi katikati na vyumba huku na huku, kila chumba familia, soketi moja kwa chumba, nyaya za tangu enzi za mababu, waya wa erthi haukuwahi kuwepo. Huwezi kumwambia mwenye nyumba avunje kuta zote. Lakini RCD moja kwenye boksi na nondo moja inayopimika nje, pamoja na waya wa erthi kwa friji na pampu kwanza, havimfilisi mtu, na mpangaji apewe haki ya kuvidai. Halmashauri mnapokagua nyumba za kulala wageni mnaangalia vyoo na vyandarua, ongezeni kitufe cha T, ni sekunde moja.

Halafu VETA Tanga ipo hapahapa, vijana wanasomea umeme, wanahitaji mazoezi. Wapeni mita za erthi na mwalimu mmoja, waanze na shule na zahanati mtaa kwa mtaa, wapime waandike, ramani ya jiji itoke tujue wapi ardhi inakubali nondo moja na wapi inataka nne. Mkoa huu ndo wenye mitambo ya Hale megawati 21 na New Pangani Falls megawati 68, umeme tunauzalisha wenyewe mlangoni kwetu, hatuwezi kuwa watu wa kushindwa kuufikisha ardhini salama.

Kwa upande wa maduka, ekstensheni ya matundu matatu yenye nyuzi mbili isiuzwe kabisa, na hili halihitaji maabara, kisu tu.

Sisi mafundi kompyuta wa Ngamiani tutafanya yetu. Mteja akija na laptopu inayosisimua hatutamuuzia chaja asiyoihitaji, tutamuuliza kuhusu friji yake, pampu yake, ekstensheni yake, tutamwambia ahakikishe waya wa chaja ni wa pini tatu na akipata mashaka na friji aichomoe siku hiyohiyo. Na yeyote mtakayemtuma kupima, nipo tayari kumzungusha kwenye nyumba ambazo wenyewe wameshakubali milango ifunguliwe.

Ombi la mwisho, pimeni wakati wa kaskazi, Januari na Februari, ardhi ikiwa imekauka. Mkija Mei katikati ya masika kila nondo itasoma vizuri, hata ile iliyooza, na tutapewa kadi zenye namba nzuri za mvua.

Ni mimi,
Fundi kompyuta, Ngamiani, Tanga